Mwanafunzi Katika Nchi ya Ugenini

Somo: Danieli 1:1-8 na 6:10



Neno letu la leo ni kwa kijana aliye masomoni katika nchi ya mbali, na kwa wazazi na Wakristo wenzake waliobaki nyumbani. Twalisema tukiwa hapa Ras Kitau, katika kisiwa cha Manda, mahali panapotazamana na Shela. Chombo kitokacho mjini Lamu kwenda bahari kuu hupita hapa, Shela mkono wa kuume na Ras Kitau mkono wa kushoto, na baada ya hapo msafiri huanza kuyaonja mawimbi makubwa. Siku hizi vijana wengi huondoka kwa ndege, na uwanja wenyewe uko katika kisiwa hiki hiki cha Manda. Lakini mzazi asimamaye gatini Lamu huona jambo lile lile walioliona wazee: mashua yavuka na mtoto wake, kisha yarudi bila yeye. Naye hujiuliza moyoni, "Je, atarudi akiwa yule yule?"

Kitabu cha Danieli chaanza na safari ya namna hiyo. Vijana wa Yuda walichukuliwa mpaka Babeli kwa amri ya Mfalme Nebukadneza, wakatiwa shuleni miaka 3 kujifunza vitabu na usemi wa Wakaldayo. Walipangiwa chakula cha mezani pa mfalme. Tena wakapewa majina mapya, na Danieli akaitwa Belteshaza. Lugha, chakula na jina: hayo ndiyo mambo yamgusayo mwanafunzi katika siku zake za kwanza ugenini.

Sisi tuliopata kusoma Uingereza twayajua. Kiingereza tulikuwa tumekisoma tangu utoto, lakini mwenye duka aliposema kwa haraka tulitazamana tu. Chakula kilikuwa viazi vya kuchemsha, jana na leo, bila nazi wala pilipili. Majina yetu yalitamkwa hata wenyewe tusiyatambue. Mwezi wa Desemba jua lilitua saa kumi alasiri. Lakini kilichouma kuliko baridi ni ukimya. Katika gari la moshi watu walikaa bega kwa bega wasijuliane hali, nasi tumetoka pwani, ambako mtu hanunui hata kibiriti kabla ya kuulizwa habari za nyumbani.

Hapo ndipo mgeni husema upesi, "Watu wa huku hawana upendo." Ndugu zangu, hukumu ya juma la kwanza si ya kuaminiwa. Katika kanisa tulilokwenda kusali palikuwa na mama mmoja mzee. Jumapili 3 alitutikisia kichwa tu. Jumapili ya 4 tulikuta mlangoni pa bweni bahasha kubwa, na ndani yake soksi za sufu, jozi kwa kila mmoja wetu, alizozifuma kwa mikono yake. Majuma yale yote alikuwa akifuma. Upendo wake ulikuwa na lugha yake, nayo ilitaka kujifunzwa kama lugha nyingine.

Basi Danieli alifanyaje? Alijifunza. Hakukataa shule ya Wakaldayo, wala hakulidharau somo lao. Maandiko yasema Mungu ndiye aliyewapa vijana wale maarifa. Lakini alikata shauri moyoni juu ya jambo asiloweza kulifanya. Nasi tukiisoma sura ya 6 twamkuta ni mzee, miaka zaidi ya 60 imepita, naye bado apiga magoti mara 3 kila siku, na madirisha ya chumba chake yameelekea Yerusalemu. Ameitwa Belteshaza muda wote huo, lakini dirisha halikufungwa.

Sisi tulilipata dirisha letu katika Kitabu cha Sala. Humo Zaburi zote 150 zimegawanywa kwa siku 30, asubuhi na jioni. Mkristo aliye Mombasa na mwanawe aliye ng'ambo, wakiufuata mpango huo, husoma maneno yale yale siku ile ile. Jioni ya siku ya 28 ya kila mwezi hufika Zaburi ya 137, kilio cha mateka kando ya maji ya Babeli. Lakini tazameni ilivyowekwa. Kabla yake husomwa ya 136, isifuyo fadhili za Mungu katika kila aya, na baada yake ya 138, ambayo ni ya shukrani. Kilio cha ugenini kimewekwa katikati ya sifa na shukrani. Mwanafunzi aruhusiwa kulia, lakini halii peke yake, wala kilio chake sicho neno la mwisho.

Wako watu wa kanisa letu walioionja habari hii kwa uchungu. Katika karne ya 19 watoto wengi walitekwa barani wakauzwa, wakapakiwa majahazini. Wengine waliokolewa na manowari za Waingereza, wakapelekwa Bara Hindi. Huko Nasik wamisionari waliwafundisha kusoma, kuandika na kazi za mikono. Nao pia walipewa majina mapya. Wawili wao walikuwa William Jones na Ishmael Semler. Waliporudi Afrika, pwani ya Mombasa haikuwa kwao kwa kuzaliwa, nao wakajulikana kama Waafrika wa Bombay. Walikuwa wageni Bara Hindi, wakawa wageni tena katika Afrika yao. Lakini waliyojifunza kule waliyatumia Rabai na Frere Town, na mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono wakawa mashemasi. Mwaka huo huo Jones alisafiri na askofu kuelekea Uganda. Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliosalia mpaka pwani. Mtoto aliyeporwa alikuwa amekuwa mchungaji wa watu.

Kwa hiyo tuna maneno machache. Wewe uliye masomoni, jifunze lugha yao na kazi yao kwa bidii, wala usiwahukumu wenyeji upesi. Shika saa moja ya sala isiyobadilika. Nanyi wazazi, simu ikilia msiulize mitihani na fedha peke yake, ulizeni, "Wasali wapi, na nani?" Tena mtoto akirudi na desturi ngeni, msimcheke wala msimwite Mzungu. Jones na Semler walihitaji kupokewa mara mbili, na wetu ndivyo walivyo.

Nasi tulio hapa, je, twawapokea wanafunzi wageni? Lamu yaweza kutufundisha. Habib Swaleh, aliyejenga msikiti na chuo cha Riyadha, alikuwa mzaliwa wa Komoro aliyekuja Lamu kama mgeni. Mji ukampa nafasi, na baadaye wanafunzi wakamjia kutoka nchi nyingi. Jirani zetu Waislamu walilitimiza neno la wahenga, mgeni njoo mwenyeji apone. Haifai kanisa letu lishindwe. Jumapili ijayo akiwapo kijana asiyejulikana katika kiti cha nyuma, mwulize jina lake, ulitamke sawasawa, kisha mkaribishe chakula.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyekuwa pamoja na Danieli katika Babeli, walinde watoto wetu walio mbali. Uwape akili katika masomo yao na rafiki wema. Uyaweke wazi madirisha yao, na milango yetu pia, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.