Filamu na Sauti ya Msimulizi

Filamu iliyosimuliwa huwa na sauti mbili: ya waigizaji, na ya dijei anayeitafsiri, anayewabatiza wahusika majina ya mtaani na kutia utani. Nchini Kenya, DJ Afro amejijengea jina kwa kusimulia filamu za mapigano na za Kihindi kwa Kiswahili. Kwa hiyo hata Kedowa, Kericho, ambako wengi huzungumza Kikipsigis nyumbani, watazamaji huzielewa. Uganda msimulizi huitwa VJ. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza filamu Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo mno. Kwa vichekesho vya VJ Emmie, ikapata mashabiki hadi Ulaya na Marekani.