Mgeni na Mwenyeji Katika Edgware Road

Waswahili husema kwamba mgeni ni kuku mweupe: hata akijichanganya na kundi, huonekana. Msemo huo hutimia kila siku katika Edgware Road, jijini London, pale msafiri kutoka Mombasa, Unguja au Muscat anapotokeza na sanduku lake, akiitafuta hoteli aliyoelekezwa.

Mtihani wake wa kwanza ni jina. Viko vituo viwili vya treni za chini ya ardhi viitwavyo Edgware Road, navyo havikuungana. Kimoja ni cha njia ya Bakerloo; cha pili ni cha njia za Circle, District na Hammersmith & City. Aliyeambiwa "tukutane kituoni" huweza kusimama nusu saa akimngoja mwenyeji wake, kumbe mwenyeji naye anamngoja kwenye kituo kile kingine.

Barabara yenyewe imenyooka, kwa kuwa imefuata njia ya kale ya Warumi. Tangu miaka ya 1970 biashara nyingi za hapo zimekuwa za watu waliotoka nchi za Kiarabu, wakiwemo Walebanoni walioikimbia vita iliyozuka kwao mwaka 1975. Mswahili akiisikiliza lugha ya wauzaji, huyatambua maneno yaliyo ndugu wa maneno yake: samaki, asali, sukari. Chakula cha halali hakimpi taabu.

Hoteli za bei nafuu hazipo barabarani hasa, bali kandokando, katika mitaa kama Sussex Gardens. Nyingi ni nyumba za karne ya 19, zilizojengwa ziwe makazi ya familia, kisha zikagawanywa vyumba. Ndiyo maana ngazi zake ni nyembamba, lifti mara nyingi haipo, na kifungua kinywa huliwa katika chumba kilicho chini ya usawa wa barabara. Chumba cha mtu mmoja huwa na kitanda, kabati, birika la umeme na dirisha linalotazama ukuta. Sanduku likifunguliwa sakafuni, hapabaki pa kukanyaga. Mgeni hujiuliza kama hiyo ndiyo London aliyosimuliwa.

Hata hivyo, msikilizaji, udogo wa chumba si fedheha. Heshima ya mgeni hupimwa mapema zaidi, mbele ya meza ya mapokezi.

Hapo wageni wawili wanaozungumza Kiswahili kimoja huweza kuulizwa maswali tofauti. Kwa amri ya serikali ya mwaka 1972, kila mgeni wa hoteli mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hutakiwa kutaja jina lake kamili na uraia wake. Mkenya au Mtanzania, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola, hatakiwi na amri hiyo kutoa zaidi ya hayo. Lakini raia wa Oman, hata kama alizaliwa Unguja, hutakiwa pia kutoa namba ya pasipoti na, wakati wa kuondoka, kueleza anakokwenda. Kumbukumbu hizo huhifadhiwa kwa muda usiopungua miezi 12. Asiyelijua hilo hudhani ameshukiwa peke yake.

Karibu na meza hiyo huwepo pia tangazo dogo ambalo wachache hulisoma. Linatokana na sheria ya mwaka 1956. Linasema kwamba mali ya mgeni ikipotea au kuharibika, mwenye hoteli huweza kuwajibika kwa kiasi kisichozidi pauni 50 kwa kitu kimoja, na pauni 100 kwa jumla. Kiwango hicho hakitumiki ikiwa mali iliibiwa kwa kosa la mwenye hoteli au watumishi wake, au ikiwa mgeni aliikabidhi mapokezi ihifadhiwe. Basi mwenye dhahabu au fedha za matibabu ya mzazi wake asizifiche chini ya godoro. Azikabidhi, tena apewe stakabadhi.

Haki ya kupokewa yenyewe ina historia. Mwezi Julai mwaka 1943, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, Learie Constantine, alifika na familia yake katika hoteli ya Imperial, Russell Square, akiwa amekwisha kuahidiwa vyumba. Aliambiwa hawezi kukaa zaidi ya usiku mmoja, kwa sababu ya rangi yake. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1944 akashinda, kwa msingi wa kanuni ya kale kwamba mwenye hoteli hana ruhusa ya kumkataa msafiri bila sababu ya haki. Fidia ilikuwa gini tano tu. Bunge lilichelewa hadi mwaka 1965 kupiga marufuku ubaguzi wa rangi katika hoteli na mahali pengine pa umma.

Tena ziko siku ambazo mlango hufunguliwa bila kuulizwa jina wala uraia. Asubuhi ya tarehe 7 Julai 2005, bomu lililipuka ndani ya treni iliyokuwa imetoka tu katika kituo cha Edgware Road, likawaua watu sita. Majeruhi walipelekwa katika hoteli kubwa ya jirani, Hilton Metropole, wakahudumiwa humo. Siku hiyo hawakuwa wateja. Walikuwa wageni kwa maana ya asili ya neno hilo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Anayelala katika chumba chembamba cha Sussex Gardens amelipia kitanda na chai ya asubuhi. Kupokewa kwa heshima hakukulipia, wala hapaswi kukuomba: ni haki yake, na wako waliokwenda mahakamani ili aikute mlangoni.