Filamu za jioni na hadithi ya Nathani

Somo: 2 Samweli 11 na 12

 

Leo tutaongea juu ya televizyo. Tunajua wengi wamekwisha kukisia: mchungaji atatuambia tuizime. Kurenti inajua kuizima bila msaada wa mchungaji. Tuna neno lingine.

Makanisani mwetu mafundisho juu ya televizyo yanaishia mara nyingi kwenye picha za uchi. Picha ikitokea, baba anakohoa, mama anatafuta telekomande, watoto wanaangalia chini. Dakika moja ikipita filamu inaendelea, na nyumba nzima inajiona imeshinda jaribu. Lakini zile saa mbili zilizobaki, ambazo watu wote walikuwa wamevaa nguo zao vizuri, zilitufundisha nini? Hapo hakuna anayekohoa.

Tufungue kitabu cha pili cha Samweli. Ni majira ya vita, jeshi liko mbali pamoja na Yoabu, na mfalme Daudi amebaki Yerusalemu. Jioni anatembea juu ya paa, anamwona mwanamke anaoga, anauliza ni nani, anaambiwa kwamba ni mke wa Uria, na bado anatuma watu wamlete. Mimba inaonekana. Uria anaitwa kutoka vitani ili alale nyumbani, anakataa, anarudishwa na barua mkononi, na barua hiyo ndiyo inamwua. Mambo yamefunikwa. Basi Mungu anamtuma nabii Nathani, naye anaingia na hadithi tu. Kulikuwa na tajiri mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye kondoo mmoja mdogo aliyelelewa pamoja na watoto wake, akila chakula chake na kulala kifuani pake. Mgeni alipofika kwa tajiri, tajiri alihurumia kondoo zake mwenyewe, akamchukua yule wa maskini. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu: mtu huyo anastahili kufa. Ndipo Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Tuangalie vizuri, wapendwa. Kwa muda ule Daudi alikuwa mtazamaji, sawa sawa na sisi tukiwa kwenye viti vyetu sebuleni. Hasira yake ilikuwa ya haki. Lakini hadithi haikumruhusu aende kulala akimkasirikia jirani. Tena, katika hadithi ile yote kondoo hana kosa. Nathani hakuuliza Bathsheba alikuwa anaoga wapi na kwa nini. Hakusema kwamba roho chafu iliingia katika jumba la mfalme. Alimtafuta mtu aliyetuma watu, akamwonyesha kidole.

Tunakichukua hicho kuwa kipimo cha filamu zetu: hadithi hii inamshitaki nani, na inamwacha nani aende zake?

Tuanze na zile novela zinazotoka Amerika ya Kilatini, zinazotufikia kwa Kifaransa, mdomo unaenda huku na sauti inaenda kule. Wamama wengi wanazifuata, hata nyanya asiyejua Kifaransa anazifuata, mjukuu anamtafsiria. (Na mjukuu huyo ana miaka 9. Anamweleza nyanya yake kwamba yule bwana sasa anamdanganya mke wake, na nyanya anaitika.) Wengi wanaikumbuka ile ya Rubi, iliyotengenezwa Mexico mwaka 2004. Rubi ni msichana mzuri wa maskini mwenye tamaa ya mali. Rafiki yake Maribel ana mchumba tajiri, Héctor. Siku ya arusi, Héctor anamwacha Maribel na kumfuata Rubi. Mwishoni Rubi anaanguka, mguu wake unakatwa, uso wake unaharibika. Watazamaji wanasema: mmeona? Dhambi inalipa! Wanaona kwamba filamu hiyo ina mafundisho mazuri.

Ni kweli Rubi alitenda mabaya. Lakini filamu ina jina la nani? Nani alikuwa ameahidi kuoa? Héctor hakuibwa kama mbuzi. Ana miguu, alitembea mwenyewe. Hata hivyo, nyumbani kwetu mazungumzo yote ni juu ya mwanamke. Na kabla ya adhabu hiyo ya mwisho, tulikuwa tumekaa miezi tukimsubiri Rubi kila jioni, tukipenda nguo zake, tukitaka tuone atafanikiwa namna gani. Adhabu ilichukua muda mfupi. Tamaa ilichukua jioni zote zingine.

Hayo ni ya mbali, na kwa hayo kanisa lina wasiwasi tayari. Jambo linalotusumbua zaidi liko karibu nasi. Ni filamu tunazoziita za Kikristo, au za mafundisho: michezo ya Kinshasa, ile tunayoiita maboke, na filamu za Nijeria. Tangu mlango wa televizyo za watu binafsi ulipofunguliwa Kinshasa katika miaka ya 1990, vituo vingi vimekuwa vya makanisa na vya wachungaji, na vikundi vya michezo vimepata nafasi kubwa humo. Hizo hatuzipimi. Mchungaji yumo, maombi yamo, jina la Yesu linatajwa, basi watoto waangalie mpaka usiku.

Njia yao tunaijua sote. Kuna baba mwema, mfanyakazi. Anatokea ndumba mmoja mwenye nywele ndefu, na mbele ya mwisho tunapata habari kwamba ametoka majini, au amepewa kazi na wachawi. Baba anapotea. Mke anafunga na kuomba. Mchungaji anakuja, pepo linapiga kelele na kutoka, msichana anakufa au anachanganyikiwa, na baba anarudi nyumbani, anaketi mezani, anapewa chakula. Hakuna mtu aliyemwuliza neno. Na angeulizwa nini? Alikuwa amefungwa na roho.

Hatusemi kwamba mapepo hayako. Sisi ni Wapentekoste, tunayatoa kwa jina la Yesu, na tutaendelea. Lakini Yakobo katika sura ya kwanza anafundisha kwamba mtu anajaribiwa akivutwa na tamaa iliyo yake mwenyewe. Tamaa haitolewi kwa kuwekewa mikono. Inatubiwa, na aliyeumizwa anatengenezewa.

Tena hadithi hizi zilikuwa zinaweza kusimuliwa kwa namna nyingine. Mwaka 1992 ilitoka Nijeria filamu ya Living in Bondage, ambayo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa biashara ile kubwa ya filamu. Humo mume, Andy, anamtoa mke wake sadaka ili apate utajiri. Wachawi wamo, ndiyo, lakini Andy alichagua mwenyewe kwa macho yake mawili. Na anapokuwa kichaa njiani, anayemsaidia kufika kanisani ni Tina, aliyekuwa kahaba. Kahaba anamleta muuaji kwa Yesu! Ni hadithi inayofanana na Injili. Wengi waliokuja nyuma walichukua uchawi wake, wakamwacha Tina.

Mtauliza: hii inagusa kanisa letu namna gani? Tuwaambie. Familia moja ilimleta kwetu msichana wa miaka 16 ili tumwombee. Walisema ana mume wa usiku. Hali chakula, anatapika, anaota ndoto, haongei na baba yake. Shangazi alieleza dalili zote kwa mpangilio, na alipoulizwa amezijua wapi alisema bila aibu: kwenye filamu. Tuliomba. Kisha mama mmoja mzee wa kanisa aliketi na yule mtoto peke yake, akamwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: nani? Mtoto alimtaja mtu wa miaka zaidi ya 30, mwimbaji wa kwaya, jirani mwenye dekoda, ambaye watoto wa kipande kizima wanaenda kwake kuangalia filamu. Mimba ilikuwa ya miezi mitatu.

Mtu huyo alipoitwa hakubisha. Alisema shetani alimshinda, akalia, akaomba atubu mbele ya kanisa Jumapili ile ile. Familia zilikuwa zimekwisha kuongea juu ya mbuzi wawili na pesa kidogo. Na kuhusu msichana, wengi walitaka atengwe na meza ya Bwana, na roho ile iendelee kuombewa. Wapendwa, hamkuitambua filamu? Kila mtu alikuwa anajua sehemu yake kwa kichwa. Mwanamume anarudi mezani. Msichana anabaki na pepo.

Tuliwajibu kwa Neno na kwa sheria ya nchi. Kulingana na sheria yetu ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri za kingono, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtu mzima anayelala naye amebaka, hata asipotumia nguvu, hata mtoto akikubali. Mbuzi hawafuti jambo hilo. Wazee wawili walimsindikiza baba wa mtoto kwa polisi, na mama wa kanisa alimpeleka msichana hospitali. Kwaya ilikasirika na sisi. Baba alikasirika pia, kwa sababu mbuzi walikuwa wamekwisha kufika.

Huko Bukavu, Hospitali ya Panzi ni ya wenzetu Wapentekoste wa CEPAC, na tangu 1999 inawatunza wanawake walioharibiwa kwa kubakwa. Daktari Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Watu wa kanisa letu, basi, wanajua kutofautisha jeraha na dhambi. Kwa nini tulisahau hilo sebuleni?

Kwa hiyo tunawaomba wazazi jambo dogo. Filamu ikimalizika, msiwatume watoto kulala mara moja. Waulizeni: nani alitenda? Nani alilipa? Yule mwanamume alienda wapi? Msishangae wakijibu vizuri kuliko watu wazima. Nyumba yenye dekoda inayopokea watoto wa wengine, mlango uwe wazi na mama mmoja aketi humo. Na ninyi waimbaji na vijana mnaotunga michezo ya Pasaka na ya Krismasi, tuleteeni karatasi zenu mbele ya mazoezi, tuzisome pamoja na sura ya Nathani mezani.

Jumapili ijayo tutaendelea na Mwanzo 38, Yuda na Tamari. Yuda alitaka yule mwanamke achomwe moto, mpaka akaonyeshwa pete na fimbo, na vilikuwa vyake. Someni sura hiyo nyumbani, wababa wasome kwa sauti. Bwana awabariki.