Maombi ya Kuondoa Vifurushi Katika Ghala la Programu la Jamii: Watumiaji Wasiohesabiwa

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya watunzaji wa programu huria, Laiser Hill, Kajiado



Ombi la kuondoa kifurushi ghalani kwa kawaida huwa fupi: programu imepitwa na wakati, mtunzaji hajibu, hakuna anayeitumia. Madai mawili ya kwanza yanaweza kupimwa. La tatu ndilo ninalotaka tulijadili, kwa kuwa linatugusa sisi kuliko wengine.

Katika Debian, mfumo endeshi huria, kuna kifurushi kiitwacho hunspell-sw, kinachokagua tahajia ya Kiswahili. Tukitaka kujua ni wangapi wanakitumia, tutaangalia takwimu za popularity-contest, mpango ambao kompyuta hutuma kupitia kwake orodha ya vifurushi vyake kila wiki. Lakini kompyuta hutuma orodha hiyo pale tu mwenyewe aliporidhia, na chaguo la awali ni kutoshiriki. Sasa chukulieni maabara ya shule huko Bissil, mashine ishirini zilizowekewa programu kutoka kwenye diski moja, bila intaneti. Wanafunzi wanaandika insha humo kila siku, na katika takwimu zile hawapo kabisa. Mfugaji wa hapa Kajiado hatakubali kisima kifukiwe eti kwa sababu mwezi huu hakuna ng'ombe waliofika kunywa. Wamefuata malisho, kiangazi kikikaza watarudi.

Hasara ya kufuta kwa pupa tuliiona tarehe 22 Machi 2016. Azer Koçulu, baada ya mzozo kuhusu jina la kifurushi, aliondoa vifurushi vyake vyote kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Kimojawapo kilikuwa left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo. Miradi mikubwa duniani ilikwama kwa saa kadhaa, maana wengi hawakujua kwamba wanakitegemea. Baadaye npm ilibana kanuni za kuondoa vifurushi.

Debian ina utaratibu ninaouheshimu. Ombi huwasilishwa hadharani kama taarifa ya hitilafu, likitaja sababu na nani anaomba. Kisha timu inayosimamia ghala hukagua ni vifurushi gani vingine vinakitegemea hicho kinachoombewa kuondolewa. Vikiwepo, kwanza hivyo virekebishwe. Hata kikiondolewa kwenye tawi la maendeleo, toleo thabiti lililokwisha kutolewa hubaki nacho. Ila ukaguzi huo huona utegemezi wa programu kwa programu. Utegemezi wa mwalimu kwa programu hauoni.

Ghala la watumiaji wa mfumo endeshi wa Arch Linux, AUR, hutenganisha maombi ya aina tatu: kufuta, kuunganisha, na kukiachilia kifurushi ili mwingine akichukue. Mtunzaji akinyamaza, mimi huegemea hiyo njia ya tatu, ingawa nayo inahitaji macho: mwaka 2018 mtu alichukua kifurushi cha acroread kilichoachwa bila mtunzaji, akakitilia msimbo wa hujuma. Kumpokea mtunzaji mpya bila kusoma mabadiliko yake ya kwanza ni hatari kweli.

Hujuma ikithibitika, hapo hakuna kusubiri. Julai 2025 AUR iligundua vifurushi vilivyojifanya marekebisho ya vivinjari, kumbe vimebeba programu ya kuitawala kompyuta kwa mbali. Viliondolewa, na watumiaji wakatahadharishwa. Ni haki.

Kwa yale maombi mengine, ya uchakavu na ukimya, napendekeza kundi letu lichukue jukumu moja. Kila linapoletwa ombi la kuondoa kifurushi cha lugha zetu, au kinachotumika shuleni na kwenye zahanati, mmoja wetu alipeleke kwa wanaohusika kwa simu au kwa miguu, Kitengela, Isinya, Namanga, kisha aandike majibu yao ndani ya ombi lenyewe kabla halijaamuliwa. Wiki mbili zatosha. Wakisema hawakihitaji, tutakuwa wa kwanza kuunga mkono kifutwe.