Kimya Si Hukumu

(Hotuba kwa vijana waliohitimu na wazazi wao, katika ukumbi wa kanisa)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wa kanisa, kina mama na kina baba, nanyi vijana mlioketi nyuma kabisa karibu na mlango:

Tunajua kwa nini mmeketi huko. Mnataka kutoka kabla watu hawajaanza kusalimiana, kwa maana ndani ya salamu hizo limo swali moja, "Je, umeshapata?", na mwulizaji hana haja ya kutaja ni kitu gani. Wala hana ubaya. Pengine ni mama aliyetoa shilingi 200 katika harambee ya karo, naye angependa kujua mbegu yake imeotaje. Lakini mhitimu aliyelijibu swali hilo Jumapili 40 mfululizo hulisikia kama shtaka.

Tuliombwa kuzungumzia haki za vijana. Tungeweza kuisoma Katiba ya 2010 ibara baada ya ibara, tukapigiwa makofi, kisha tukaenda kunywa chai. Tumeona heri tuanze na jambo lisilomo katika Katiba, yaani lile linalomjia mhitimu usiku, taa zikishazimwa, anapoanza kujihesabia makosa. Labda nilisomea shahada isiyofaa. Labda Kiingereza changu ni kibovu. Labda wenzangu walikuwa na akili, nami nilibahatisha tu.

Sisi tulitoka chuo kikuu mwaka 2003. Muungano wa NARC ulikuwa umeingia madarakani Desemba 2002 ukiwa na ahadi ya kuunda nafasi 500,000 za kazi kila mwaka, nasi tuliamini kwa dhati kwamba mojawapo ilikuwa imeandikwa jina letu. Tulizunguka mjini na bahasha ya kaki mpaka pembe zake zikalegea. Soli ya kiatu cha kulia ilitoboka kwanza. Sababu hatuijui hadi leo. Kila ofisi tuliambiwa, "Acha hapo, tutakuita." Hatukuitwa. Krismasi ilipofika tulidanganya kwamba kazi zimetuzidi, ili tusikae meza moja na baba aliyeuza mtamba wake tupate kusoma.

Hatimaye wakili mmoja alitupokea kama mwanagenzi. Siku moja tukatumwa kupanga stoo ya majalada, na chini ya rafu tukakuta katoni mbili zimejaa bahasha za kaki. Hazikuwa zimefunguliwa. Gundi ilikuwa bado imeshika. Yetu haikuwamo, kwa kuwa ombi letu tulilikabidhi mikononi mwa wakili mwenyewe, tulipokutana naye kwenye ngazi. Tuliketi sakafuni tukazitazama. Kila bahasha ilikuwa na mwenyewe mahali fulani, akikesha na kujiuliza alikosea wapi. Hakukosea popote. Hakusomwa.

Katika taaluma yetu, mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa. Hakimu akitoa hukumu bila kumsikiliza mshtakiwa, hukumu hiyo hutupwa katika rufani hata kama mshtakiwa ni mwizi wa kweli. Iweje basi kijana wetu akipokee kimya cha karani kama hukumu juu ya akili yake, na kuitumikia adhabu hiyo chumbani kwake? Siku hizi katoni imehamia ndani ya kompyuta, wala haionekani tena na mwanagenzi yeyote. Ni katoni ile ile.

Hatusemi kwamba kila aliyekosa kazi ameonewa. Tumesoma barua za maombi zenye jina la kampuni nyingine, na aliyeandika hivyo anajua la kurekebisha. Lakini wako wengi waliofika kwenye mahojiano wakaulizwa jina la ukoo kwa makini kuliko shahada, au wakanong'onezwa kiasi cha kuleta. Huyo naye hurudi nyumbani akijilaumu! Ibara ya 232 ya Katiba yetu yataka uteuzi katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na sifa za mwombaji. Aliyeombwa mlungula ndiye aliyekosewa, na aibu si yake.

Liko jambo jingine ambalo wengi wenu hamjaambiwa. Mmekuwa mkikopa pesa za kulipia vyeti: cheti cha polisi cha tabia njema, cha Bodi ya Mikopo, cha taasisi za kukagua madeni, ili tu muambatishe kwenye ombi ambalo huenda lisifunguliwe. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri haruhusiwi kudai vyeti hivyo ila anapokusudia kumpa mtu mkataba wa kazi. Matangazo yanayovidai mapema bado yanabandikwa, kwa sababu wanaoumia wanaona haya kulalamika.

Tena, kama uliomba kazi katika ofisi ya umma na hujasikia lolote, iandikie ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, uulize nafasi ile ilijazwa lini na kwa vigezo gani. Inapaswa kukujibu kabla ya siku 21 kwisha. Ikinyamaza, peleka ombi lako kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hatuwaahidi kwamba mtapata kazi kwa njia hiyo. Ahadi za kazi tulizisikia za kutosha mwaka 2002. Mtapata jibu lenye sahihi ya mtu, na jibu la namna hiyo linaweza kupingwa.

Wazazi, tunawaomba jambo dogo. Jumapili ijayo mwulizeni kijana anasoma nini siku hizi, au nani atashinda ligi. Habari ya kazi ataileta mwenyewe mbio akiipata.

Chai iko tayari. Sisi tutakuwa kwenye meza ile ya dirishani, tuna karatasi na kalamu. Aliye na ombi ambalo halikujibiwa na aje nalo, tuandike barua ya kwanza leo kabla hatujaondoka.