Maneno Yakimpotea Mzee, Tumsikilize Vipi?



Leo tuzungumze juu ya wazee wetu wanaopotewa na maneno. Tukitembelea nyumba tunaambiwa, "Cucu amerudi utoto," ama "Mzee amerogwa." Jameni, sivyo. Huu ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa demensia. Aina inayopatikana zaidi ni Alzheimer, iliyopewa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na demensia, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Si uchawi wala laana. Tusipojua hivyo, mzee hufungiwa ndani au huchekwa. Kule Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi.

Tutautambuaje? Sote husahau tulipoweka ufunguo. Lakini huyu hukosa jina la kisu, akasema "kile cha kukatia." Huuliza swali moja mara kumi. Ukimpa habari ndefu, hupotea katikati. Wengine huitikia "ndiyo" kwa kila jambo ili wasiaibike. Kwa hivyo mtu asimletee karatasi ya shamba atie kidole, eti kwa sababu ameitikia.

Huku kwetu kuna jambo lingine. Watu walikuja kutoka pande nyingi kufanya kazi katika viwanda vya Thika na mashamba ya kahawa ya Ruiru, na wengine wakajifunza Kiswahili ukubwani. Ugonjwa ukizidi, lugha ya ukubwani huweza kutoroka, ile ya mama ikabaki. Mzee anaongea Kikamba kitupu, anayemtunza haelewi, basi inasemwa anaropoka. Mtafuteni jirani anayejua lugha hiyo.

Mambo ya kale pia hukawia kutoka. Aliyekuwa mtoto wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, anaweza kulia jioni kwamba askari wanakuja. Msibishane naye. Mshike mkono umwambie, "Niko hapa na wewe."

Tukiongea naye, yafaa tufanye hivi:

1. Tuzime redio, tukae mbele yake atuone uso.
2. Tumwite jina lake na tujitambulishe. Tusimpime kwa kumwuliza, "Mimi ni nani?"
3. Tuseme jambo moja, kwa maneno machache, kisha tungoje. Jibu lake huchelewa.
4. Badala ya "Utakula nini?" tumwonyeshe chai na uji, achague.
5. Asipoweza kuongea, tujaribu wimbo au sala aliyoizoea. Wengi huweza kuitikia hata maneno mengine yakiisha.

Mkumbuke pia kwamba asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mwili. Akikunja uso, akishika shavu, akikataa chakula au akimsukuma anayemwogesha, tusiseme ni mkaidi. Tuangalie meno, tumbo, vidonda. Masikio nayo yapimwe, kwani kiziwi huonekana kama amesahau.

Na kama jana alikuwa sawa na leo hajielewi kabisa, msingoje. Huenda ni kiharusi, maambukizi, sukari kushuka au kukosa maji. Mpelekeni hospitali upesi, iwe Thika Level 5 au iliyo karibu nanyi. Hata mabadiliko ya polepole, daktari ayaone. Dawa ya kuponya demensia haijapatikana, lakini baadhi ya mambo yanayofanana nayo yanatibika.

Mwisho, tumtazame anayemtunza. Mara nyingi ni binti mmoja au mkaza mwana, halali usiku, haendi sokoni, hata kikundi ameacha. Kikundi kinachoweza kuchangiana pesa kwa zamu kinaweza pia kuchangiana saa. Wanachama wawili wakikaa na mzee Jumanne alasiri, yeye apumzike. Katika mkutano wenu ujao, ulizaneni: ni nyumba gani kwetu ina mzee aliyenyamaza, na nani ataanza kwenda?