Ghorofa Kabla ya Mpango: Somo la Nairobi kwa Wakazi wa Bumula

Mada ya semina ya wakazi, wenye ploti na viongozi wa wadi

1. Utangulizi

Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Bungoma kuwa na watu 1,670,570 katika eneo la takriban kilomita za mraba 3,000. Ni wastani wa watu 550 hivi kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao wanategemea jembe. Kaunti ndogo ya Bumula peke yake ina watu zaidi ya 200,000. Shamba ambalo babu aliwagawia wanawe, hao wanawe wamekwisha kuwagawia wajukuu, na kipande kinachobaki kando ya barabara kinauzwa kwa kipimo anachokijua kila dalali: futi 50 kwa 100, karibu thumuni ya ekari.

Ploti hiyo ndiyo kiini cha mjadala. Leo Bumula, Kimaeti, Kabula na Khasoko ni vituo vya nyumba za chini na vyumba vya kupanga vilivyojengwa mstari. Lakini mji wa Bungoma hauko mbali, Chuo Kikuu cha Kibabii kilichopewa hati mwaka 2015 kimeongeza wanaotafuta vyumba katika kaunti, na mwenye ploti anayepiga hesabu ya kodi huona haraka kwamba kujenga kwenda juu kunalipa kuliko kujenga kwenda kando.

Mada hii inashikilia jambo moja. Awe anapinga jengo refu au analiunga mkono, mkazi hana pa kushika mpaka eneo lake liwe na mpango wa matumizi ya ardhi ulioidhinishwa kisheria. Bumula bado ina nafasi ya kuupata mpango huo kabla ghorofa hazijatangulia. Nairobi iliipoteza nafasi hiyo, na wakazi wake wanailipia mahakamani.

2. Yaliyotokea Kilimani na Rhapta Road

Mwongozo wa mipango wa Nairobi wa mwaka 2004 uliziweka Kilimani na Kileleshwa katika kundi la maeneo yenye kikomo cha ghorofa nne. Zilikuwa sehemu za nyumba moja moja zenye bustani. Bei ya ardhi ilipopanda, nyumba hizo zilibomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pa familia moja pakasimama jengo la familia nyingi. Leo majengo ya ghorofa zaidi ya kumi ni ya kawaida katika mitaa hiyo, huku barabara nyingi zikiwa zilezile zilizochorwa kwa ajili ya magari machache.

Rhapta Road, huko Westlands, mvutano ulifika mahakamani. Chama cha wakazi kiliishtaki serikali ya kaunti pamoja na wajenzi waliopewa vibali vya kupandisha majengo marefu katikati ya nyumba zao. Swali moja zito katika kesi hiyo lilikuwa hili: kanuni ipi inatawala? Wakazi walishika mwongozo wa 2004. Upande wa pili uliegemea sera ya udhibiti wa ujenzi iliyoandikwa 2021. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa uamuzi mapema mwaka 2025, nao mvutano ukapanda hadi Mahakama ya Rufani.

Hayo yametokea katika jiji kuu, lenye wapangaji wa miji, mawakili na vyama vya wakazi vyenye fedha za kuendesha kesi. Kituo cha biashara cha Bumula hakina uwezo huo. Kikingoja mpaka msingi uchimbwe ndipo kiulize kanuni iko wapi, kitakuwa kimechelewa.

3. Hesabu ya ploti moja

Tuchukue mfano. Kwenye ploti ya 50 kwa 100 linajengwa jengo la ghorofa tano, kila ghorofa nyumba nane. Hizo ni familia 40. Kila familia ikiwa na watu wanne, ploti iliyokuwa ya familia moja sasa inalala watu 160. Wakitumia lita 50 kwa siku kila mtu, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa cha mahitaji ya msingi, jengo linahitaji lita 8,000 kila siku.

Maji hayo yatatoka wapi? Kampuni ya Maji ya Nzoia inahudumia miji ya Bungoma na Trans Nzoia, lakini kaya nyingi za mashambani hutegemea visima na chemchemi. Swali la pili ni zito zaidi: maji hayo yakishatumika yanaenda wapi? Pasipo na bomba la maji taka, yanaingia kwenye tangi la chini ya ardhi na shimo la kunyonya. Kisima cha jirani kikiwa mteremkoni, hatua chache tu kutoka hapo, uchafu unaweza kupenya hadi kwenye maji anayokunywa. Jirani anayelalamikia ghorofa huenda hana neno na urefu wake. Anakilinda kisima chake.

Kuna pia hesabu ya uhai. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, likaua watu wapatao 50. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu 36. Iliripotiwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikuwa limefikishwa 16.

4. Sheria inampa mkazi nini

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamkataza mtu yeyote kujenga bila kibali cha kaunti. Mwombaji anatakiwa kuutangazia umma anachokusudia kujenga, na umma una haki ya kupeleka pingamizi.

Muda ndio unaowaponyoka wengi. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, sheria inahesabu kwamba kibali kimetolewa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti ya uratibu wa mipango, na kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tangazo la ombi likibandikwa mahali pasipopita watu, muda wa kupeleka pingamizi huisha kabla habari haijafika sokoni.

Sauti ya wananchi ina uzito inapotumika kwa wakati na kwa utaratibu. Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda mbele ya mahakama hiyo walikuwa wakazi wa kawaida, wavuvi miongoni mwao.

5. Haki ya mwenye ploti

Mjadala huu hautakuwa wa haki ukimfanya mjenzi adui. Familia 40 zikijengewa nyumba za chini, kila moja kwenye thumuni yake, zinameza ekari tano za ardhi inayofaa mahindi na miwa. Zikiwekwa kwenye jengo moja imara, ekari hizo zinabaki shambani. Kwa kaunti iliyojaa watu kama Bungoma, ghorofa iliyojengwa mahali panapofaa ni njia ya kuokoa ardhi ya kilimo.

Mwenye ploti naye anahitaji uhakika. Akijua mapema kwamba kando ya barabara kuu anaruhusiwa ghorofa tano na nyuma ya soko mbili, atachora ramani moja, atakopa mara moja, wala hataamka siku moja akute kazi imesimamishwa kwa amri ya mahakama. Mpango unamlinda yeye na jirani yake kwa pamoja.

6. Mapendekezo

Kwanza, wakazi wa wadi zote saba za Bumula wawatake wawakilishi wao katika bunge la kaunti wadai mipango ya matumizi ya ardhi ya vituo vya biashara, kila mpango ukionyesha ghorofa zinazoruhusiwa, upana wa barabara, na umbali wa lazima kati ya shimo la maji taka na kisima.

Pili, kila ombi la kujenga zaidi ya ghorofa mbili litangazwe kwenye baraza la chifu, sokoni, misikitini na makanisani, kwa Kiswahili na Kibukusu, pamoja na kubandikwa kwenye ploti.

Tatu, kila kituo kichague kamati ndogo ya wakazi na wenye ploti itakayofuatilia maombi katika ofisi ya ardhi ya kaunti na kuandika pingamizi ndani ya siku zinazotakiwa.

Nne, kibali kisitolewe mpaka mwombaji aeleze kwa maandishi maji atayapata wapi na maji taka atayapeleka wapi. Maafisa wahakikishe pia kwamba jengo linafuata Kanuni za Kitaifa za Ujenzi zilizoanza kutumika Machi 2025.

7. Maswali ya vikundi

(a) Katika kituo chenu, ni sehemu ipi inayofaa majengo ya ghorofa, na ni ipi ibaki ya nyumba za chini au mashamba?

(b) Ni visima na chemchemi zipi zinazotegemewa na watu wengi, na ziko umbali gani kutoka kwenye ploti zinazouzwa sasa?

(c) Nani atakwenda ofisi ya mipango ya kaunti kuuliza hali ya mpango wa kituo chenu, na ataleta majibu kwenye baraza la tarehe gani?